Maadili ya utafiti kwa waathiriwa wa ghasia: mfano wa Kakamega

UTAFITI kuhusu jamii zinazojijenga upya baada ya mapigano ni kazi ya kielimu inayoweza kumdhuru yule yule anayechunguzwa. Katika eneo la Kakamega, suala hili lilijitokeza waziwazi baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007.

Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Vifo 98 kati ya hivyo vilitokea katika uliokuwa Mkoa wa Magharibi, ambao makao yake makuu yalikuwa mjini Kakamega. Hata hivyo, hesabu ya vifo haielezi yote. Familia nyingi zilizofurushwa kutoka Bonde la Ufa hazikuishi kambini. Zilipokewa na jamaa zao vijijini, na hivyo zikatoweka machoni pa serikali.

Serikali iliahidi kila kaya iliyofurushwa Sh10,000 za kuanzia maisha, na Sh25,000 kwa waliobomolewa au kuchomewa nyumba. Waliojisitiri kwa jamaa walilalamika kwa miaka mingi kwamba walisahauliwa. Mgeni anapoingia katika boma la watu kama hao na daftari mkononi, hata aeleze mara ngapi kwamba yeye ni mwanafunzi anayeandika tasnifu, mwenyeji husikia neno moja tu: fidia. Ridhaa inayotolewa kwa tumaini hilo ina kasoro, hata kama fomu imetiwa saini mbele ya liguru wa kijiji. Pengine kuwepo kwa liguru huyo ndiko kunakomzuia mtu kukataa.

Kinyume cha tumaini ni hofu. Bahasha ya Waki yenye majina ya washukiwa ilimfikia mwendesha mashtaka wa mahakama ya ICC Julai 2009 kupitia kwa Kofi Annan. Kesi ya mwisho ya washukiwa wakuu ilisitishwa Aprili 2016, na mmoja wa majaji akataja kuingiliwa kwa mashahidi. Katika maeneo kama Lugari, yanayopakana na Uasin Gishu, ambako waliotendana mabaya huenda wakakutana tena sokoni, kinasa sauti si chombo kidogo. Kubadilisha jina la mhojiwa hakusaidii sana ikiwa maelezo ya shamba lake, idadi ya watoto wake na siku aliyochomewa nyumba yanatosha kumtambulisha kwa majirani.

Sheria ipo. Mtafiti huhitaji kibali cha tume ya Nacosti, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za watu binafsi. Lakini sheria hizo zinahusu zaidi kibali na kumbukumbu. Hazisemi mengi kuhusu usiku wa mjane aliyeulizwa mchana jinsi mumewe alivyouawa.

Wengi walikwisha kusimulia. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 kabla ya kutoa ripoti Mei 2013, na sehemu kubwa ya mapendekezo yake haikutekelezwa. Anayebisha hodi baadaye na hojaji huonja uchungu wa ahadi ambazo si zake. Ni haki kumweleza mhojiwa, kabla ya swali la kwanza, kwamba hakuna malipo wala kesi itakayofuata, na kumwonyesha mahali atakapopata ushauri nasaha.

Mtafiti naye huumia: hukosa usingizi, huona haya kwa kuondoka na shahada iliyotokana na msiba wa wengine. Vyuo humpa msimamizi wa tasnifu, mara chache mshauri wa kumsikiliza. Anayesahaulika zaidi ni msaidizi wake, kijana wa kijijini anayetafsiri Kiluhya kwa ujira wa kutwa. Huyo husikia kila kisa mara mbili, kwa lugha mbili; mgeni akishaondoka, ndiye anayeulizwa njiani yale majina yalipelekwa wapi.