Lord Delamere na Ardhi Iliyosemwa Haina Mwenyewe

Dai kwamba Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, alilikuta Bonde la Ufa likiwa tupu lingali linarudiwa hadi leo, tena na watu wanaoijua historia. Elspeth Huxley alimwandikia bwana huyo wasifu wa juzuu mbili mwaka 1935, na wengi walioandika baadaye kuhusu ngano, maziwa au siasa za walowezi wa Kenya wamechota humo. Mimi naona tuanze na maombi yake ya ardhi ya 1903.

Ombi la kwanza lilikataliwa na Kamishna Charles Eliot kwa kuwa eneo lenyewe lilikuwa mbali mno. La pili lilihusu ekari 100,000 karibu na Naivasha. Serikali ililikataa kwa kuhofia ugomvi na Wamasai waliokuwa wakiishi hapo. La tatu lilikubaliwa. Alikodishwa ekari 100,000 za Njoro kwa miaka 99, kwa pauni 200 kila mwaka, na akapewa sharti la kutumia pauni 5,000 kuliendeleza shamba katika miaka 5 ya mwanzo. Lenye uzito ni lile la pili. Hakuna serikali inayohofia ugomvi kwenye ardhi isiyo na watu.

Maisha yake ya awali yanajulikana. Alizaliwa 1870, akarithi cheo na milki ya Vale Royal huko Cheshire mwaka 1887, na kwa urithi huo akawa na haki ya kuketi katika Baraza la Malodi bila kupigiwa kura na mtu yeyote. Alipitia kikosi cha akiba cha Cheshire, lakini uwindaji wa simba katika nchi ya Wasomali ndio uliomvuta Afrika, na 1897 ukamfikisha nyanda za juu za Kenya. Mwaka 1914, vita vilipozuka, alifanya upelelezi mpakani na koloni la Wajerumani akiwatumia Wamasai. Askari mkubwa hakuwa.

Kama mkulima anastahili heshima zaidi, nami simnyimi. Kondoo aliowaleta Njoro walikufa kwa wingi kwa sababu malisho yalikosa madini, jambo ambalo Wamasai walilijua na ndiyo maana walipaepuka. Ng'ombe wake walipigwa na homa ya mapafu na ndigana kali. Akageukia ngano, ikaliwa na kutu. Akaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zenye ukinzani, kisha mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga ya Unga Limited. Kazi hiyo ya mbegu ilikuwa ya kweli, na wakulima wengi walifaidika nayo.

Lakini 1906 alipata shamba jingine, Soysambu, zaidi ya ekari 50,000 kando ya Elmenteita. Ni bonde lilelile la Wamasai, na ni miaka mitatu tu tangu anyimwe Naivasha. Nini kilibadilika? Jibu ni Mkataba wa Agosti 1904. Olonana na viongozi wenzake wa Wamasai walikubali kuliacha Bonde la Ufa na kuhamia maeneo mawili, Laikipia upande wa kaskazini na jingine kusini mwa reli. Waliahidiwa njia ya kuyaunganisha maeneo hayo, na waliahidiwa kwamba mpango huo ungedumu maadamu Wamasai wapo duniani. Ahadi hiyo haikutimiza hata miaka 7. Aprili 1911 ulitiwa saini mkataba wa pili wa kuwatoa Laikipia. Serikali ilisema Olonana, aliyefariki Machi ya mwaka huo, aliwausia watu wake wahamie kusini. Usia huo umetufikia kwa midomo ya maofisa waliouhitaji, na sioni sababu ya kuupokea kama ushahidi.

Parsaloi Ole Gilisho, kiongozi wa Wapurko, kundi mojawapo la Wamasai, aliushika mkataba wa 1904 mkononi akaenda nao kortini. Hili ndilo jambo ambalo wasifu wa mabwana hulipita mbio. Mwaka 1913 Wamasai, kwa msaada wa wakili na wa daktari wa serikali Norman Leys, waliishtaki serikali ya mkoloni. Mahakama Kuu ilitupa kesi, na Desemba Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikakubaliana nayo. Sababu yake nashauri kila mwanafunzi wa historia aisome mwenyewe: Wamasai walihesabiwa kuwa watu wa dola ya kigeni waliofunga mkataba na Mfalme, na mkataba wa aina hiyo hauamuliwi na mahakama za kawaida. Walikuwa dola wakati wa kushtaki na raia watiifu wakati wa kuhamishwa. Delamere hakutia saini mkataba wowote kati ya hiyo miwili. Hakuhitaji, serikali ilimfanyia kazi hiyo.

Siasa yake inasomeka vizuri ukishaijua kesi hii. Aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1907, na mwaka uliofuata akasimamishwa baada ya kuongoza maandamano ya walowezi nyumbani kwa gavana kudai vibarua Waafrika. Mwaka 1923 alikwenda London kupinga haki za Wahindi wa Kenya. Waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka huo ukatamka kwamba maslahi ya Waafrika yatatangulia. Miaka miwili baadaye aliwakusanya walowezi wa makoloni jirani huko Tukuyu, Tanganyika, wapange kuungana. Alifariki Novemba 1931 akiwa na madeni makubwa benki, na wanaomsifu husema alijifilisi kwa ajili ya Kenya. Madeni yalikuwepo, lakini dhamana yake ilikuwa ardhi, nayo iliachwa wazi kwa mkataba uliovunjwa.

Mwaka 2004 Wamasai waliandamana Laikipia wakisema miaka 100 ya mkataba imekwisha, warudishiwe ardhi. Wanahistoria kadhaa waliwakosoa kwa haki: mkataba wa 1904 haukuwa na kikomo cha miaka 100. Ila kosa hilo linawapunguzia Wamasai haki badala ya kuwaongezea, kwa maana waliahidiwa milele. Waliopewa miaka 99 ni walowezi, na sheria ya ardhi ya 1915 ikawaongezea hadi 999. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 65, iliirudisha haki ya asiye raia kwenye miaka 99.