Bukama na Kamina: Mwendo wa Maji, Reli na Anga

Ukichora mstari kwenye ramani, kutoka Bukama, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hadi mji wa Kamina ni takribani kilomita 105. Ndege ya mapangaboi ingezimaliza kwa robo saa na ushee. Hesabu ni sahihi, ila wakazi wa bonde la Upemba hawajawahi kusafiri kwa mstari wa ramani. Wao wamefuata maji, na baadaye reli.

Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yalianza kufukuliwa na wanaakiolojia mwaka 1957. Yalikutwa na vito vya shaba, baadhi vyenye umri wa miaka elfu moja na zaidi, ilhali machimbo ya shaba yako mbali kusini. Biashara ilikuwa ikitembea muda mrefu kabla ya dola ya Waluba kutamba.

Mwaka 1915 Waingereza waliamua kupeleka boti mbili za vita, Mimi na Toutou, ziwa Tanganyika kupambana na Wajerumani. Zilitoka Cape Town kwa reli mwezi Julai hadi Fungurume. Hapo reli ilikoma. Zikakokotwa milimani kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe hadi Sankisia, zikapakiwa reli nyembamba mpaka Bukama, kisha zikateremka Lualaba, zikikwama kwenye michanga kila mara. Zilifika ziwani mwishoni mwa Oktoba. Bukama ilipata umuhimu wake hapo hasa: kuanzia bandari yake, Lualaba hupitika kwa vyombo takribani kilomita 640 hadi Kongolo.

Reli ya kutoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, iliwasili Bukama mwaka 1918. Miaka kumi baadaye ikavuka mto, ikapita Kamina na kufika Ilebo, zaidi ya kilomita 1,100 mbele. Mwaka 1956 tawi la Kamina–Kabalo likakamilika, na abiria wa ziwa Tanganyika hakulazimika tena kushuka Bukama kupanda meli.

Ndege nazo hazikuanza kwa kasi. Edmond Thieffry na wenzake wawili waliondoka Brussels Februari 1925, wakatua Léopoldville baada ya siku 51. Meli ilikuwa ikifika Matadi kwa wiki tatu hivi! Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wabelgiji walijenga kituo kikubwa cha kijeshi karibu na Kamina. Novemba 1964 askari wao wa miavuli walipitia hapo kwenda kuvamia Stanleyville. Anga ya Kamina, kwa maoni yangu, ilijengwa kwa ajili ya majeshi. Mchuuzi wa samaki wa Bukama hakuwamo katika mipango yake.

Leo Kamina ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami, ulioanzishwa 2015, na hadi Lubumbashi ni kilomita 420 hivi kwa anga, kama saa moja. Tiketi ya ndege wengi hawaimudu, na magari ya moshi ya abiria ni machache na yamechakaa, hivyo watu hudandia mabehewa ya mizigo. Machi 2022 treni ya namna hiyo, iliyotoka Luena, jirani na Bukama, kuelekea Tenke, ilianguka Buyofwe. Waliokufa walizidi 60.