Majina ya mtawala wa jadi: mwene, mtemi, jumbe, chifu

Mtawala wa jadi ana majina mengi katika Kiswahili, na ni machache yanayoweza kushika nafasi ya mengine bila kuharibu maana. Mwene, mtemi, mangi, jumbe, akida, liwali, sultani, mfalme na chifu hutajwa kama visawe. Hata hivyo kila jina linaeleza kwa namna yake mamlaka yalikotoka: katika nchi yenyewe, katika ukoo, katika vita, au katika barua ya serikali. Tofauti hiyo inaonekana wazi Ufipa, kwenye uwanda wa juu wa Sumbawanga ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ambako cheo cha jadi ni mwene.

Mwene ni ndugu wa neno mwenye. Asili yake ni umiliki, kwa maana ya mwenye nchi. Neno hili halikomei Ufipa. Mfalme wa Washambaa katika milima ya Usambara aliitwa Simba Mwene, na Unguja mtawala wa wenyeji, aliyekaa Dunga, alikuwa Mwinyi Mkuu hadi cheo hicho kilipokoma mwaka 1873. Mtu wa namna hii hahesabiwi kuwa mtumishi wa mkubwa fulani. Nchi ni yake, na kwa hiyo mvua, mavuno na matambiko ni wajibu wake pia.

Ufipa yenyewe ina historia inayoligawa neno hilo pande mbili. Masimulizi ya Wafipa yanasema kwamba mwene wa kwanza alikuwa Ntatakwa wa Milansi, kijiji kilicho karibu na mlima Itwelele. Siku moja alikwenda kuwinda akamwachia mkewe nyumba, baada ya kumwonya kwamba wageni wangeweza kuja na kwamba asiwape kigoda cha enzi. Wakaja wanawake watatu wa ukoo wa Watwa, wakaomba mahali pa kukaa, na mke wa mwene akawapa kigoda kile. Ntatakwa aliporudi alikuta wageni wamekwisha kukalia nchi. Hakuwapiga vita. Yalifanyika mapatano: Watwa wakachukua utawala, na Milansi ikabaki na ardhi ndogo inayoizunguka pamoja na kazi ya ibada, ikiwemo kushiriki kuwasimika watawala wa Kitwa.

Matokeo yake ni kwamba Ufipa ilikuwa na mwene wa aina mbili kwa wakati mmoja. Mwene wa Milansi alikuwa na heshima ya utangulizi bila jeshi wala kodi, na mwene wa Kitwa alikuwa na nguvu za dola. Kuwaita wote wawili chifu, kama vitabu vingi vinavyofanya, kunafuta jambo muhimu kuliko yote katika siasa ya Ufipa ya kale. Baadaye ukoo wa Kitwa nao uligawanyika, zikatokea falme mbili, Nkansi na Lyangalile; jina la kwanza limesalia katika Wilaya ya Nkasi, yenye makao makuu Namanyere. Watwa hawa wasichanganywe na mtwa, cheo cha watawala wa Uhehe kama Mkwawa, wala na Batwa wa misitu ya Maziwa Makuu.

Cheo cha nkosi kilifika Ufipa kwa mkuki. Wangoni walikuja nacho kutoka kusini mwa Afrika, na kiongozi wao Zwangendaba alifia Ufipa katika miaka ya 1840. Nkosi ni mkuu wa watu walio safarini na vitani, na chini yake yupo nduna, jemadari wa kikosi. Songea Mbano, ambaye mji wa Songea una jina lake, alikuwa nduna.

Mtemi ni cheo cha Wanyamwezi, Wasukuma na majirani zao. Kwa kawaida huhusishwa na kitenzi kutema: mtemi ndiye aliyefyeka pori watu wakapata pa kulima, au ndiye anayekata mashauri. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa mtemi, ingawa ukubwa wa eneo aliloliteka ulimfanya aonekane zaidi kama nkosi. Mangi wa Uchaga, mwami wa Buha, na mkama wa Buhaya ni vyeo vya ukoo vilivyofungamana na nchi zao, na havihamishiki.

Vyeo vilivyotajwa hadi hapa vilitoka katika nchi, ukoo au vita; kundi la pili ni la vyeo vya kupewa. Liwali, neno la asili ya Kiarabu, alikuwa mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar katika miji ya pwani. Jumbe na diwani walikuwa wakuu wenyeji wa miji ya Mrima. Wajerumani walimfanya jumbe kuwa mkuu wa kijiji anayewajibika kwao, na juu yake wakamweka akida, ambaye mara nyingi alikuwa mgeni kwa watu aliowatoza kodi. Chuki dhidi ya maakida ilichangia Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Diwani amepata bahati njema zaidi: leo ni mwakilishi wa kata anayechaguliwa kwa kura.

Wajerumani waliwaita watawala wengi wa bara sultani, hata pale ambapo hapakuwa na Uislamu. Waingereza waliposimamisha utawala wa kupitia wenyeji, kwa sheria ya mwaka 1926 chini ya Gavana Donald Cameron, neno chifu lilienea na kufunika mwene, mtemi na mangi kwa pamoja. Lilikuwa neno la ofisi, lenye mshahara na orodha ya kazi. Nchini Kenya limebaki na maana hiyo hasa: chifu ni mtumishi wa serikali anayesimamia lokesheni, na si lazima atoke katika ukoo wowote wa utawala.

Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria mwaka 1963, na kazi zao zikaenda kwa viongozi wa serikali na wa vijiji. Tangu hapo chifu nchini Tanzania ni cheo cha heshima na mila. Ndivyo kilivyotumika mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipotawazwa huko Magu, Mwanza, kwa jina la Chifu Hangaya. Kwa habari za sasa, neno hilo linafaa. Kwa Kapufi, aliyetawala Nkansi katika nusu ya pili ya karne ya 19, kabla ya Waingereza kufika na orodha zao za mishahara, cheo sahihi ni mwene.