Vita ya siku sita na vidonda visivyotoka damu

Ndugu zangu wa Boyoma, kila mwaka, tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita, tunakumbuka. Wengi wetu tulikuwa wadogo, wengine hatujazaliwa. Lakini muulize mama yeyote mzee hapa Kapalata, atakuambia mwaka 2000 alijificha wapi na watoto wake.

Historia yenyewe tunaijua. Jeshi la Rwanda na la Uganda, walioingia Kongo kama marafiki mwaka 1998, wakapigana ndani ya mji usio wa kwao. Wakagombania daraja la Tshopo. Mabombi yakaanguka juu ya nyumba, shule, hospitali, hata katedrali Notre-Dame. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inataja raia waliouawa kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa zaidi ya 1.000.

Mguu uliokatika unahesabika siku ileile. Kichwa je?

Bongo ni kitu laini ndani ya mfupa. Bombi likipasuka karibu, au ukuta ukikuangukia, bongo linagongwa humo ndani. Kwa inje labda unaona uvimbe kidogo tu. Kisha miezi inapita na mtu habaki yule wa zamani: anasahau alichotumwa, makelele yanamchosha, anakasirika bure. Wengine wanapata kifafa hata miaka kisha. Hapo ndipo majirani wanaanza: «Amelogwa», «ni mvivu», «ni pombe». Labda unamjua yaya mmoja kama huyo kwenye avenyu yenu.

Si sisi wa kwanza. Mwaka 1915 munganga Mwingereza Charles Myers aliandika juu ya askari walioharibika na mabombi bila kidonda cha kuonekana. Wakubwa wengi wa jeshi waliwaita waoga. Mwaka 1943, karibu na Smolensk, risasi iliingia kichwani mwa askari mmoja Mrusi, Zasetsky. Akasahau kusoma, akapotea hata kwenye njia ya kwao. Lakini walimwonyesha hivi: usifikirie herufi moja moja, acha mkono uandike wenyewe. Ikawezekana! Akaandika maisha yake miaka 25, ijapokuwa kusoma alichoandika kulimsumbua sana. Munganga Luria akatoa kitabu juu yake. Hakupona kabisa, lakini hakunyamaza.

Sasa turudi kwetu. Mahakama ya La Haye iliihukumu Uganda mwaka 2005, na tarehe 9 mwezi wa pili 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325. Milioni 225 ni kwa ajili ya watu. Kesi juu ya Rwanda, mahakama ilisema haina mamlaka. Leta iliunda mfuko FRIVAO, makao yake hapahapa Kisangani. Mahakama yenyewe haikupata ushahidi wa kutosha juu ya kila hasara, ndiyo maana ilitoa feza ya jumla.

Muone shida iko wapi: haki inaomba kumbukumbu, na huyu mtu kilichoharibika ni kumbukumbu yenyewe. Aliyepoteza mguu anaeleza siku, saa na mahali. Aliyeumia bongo anachanganya, na tunasema anadanganya.

Kwa hiyo kazi ni yetu sisi tuliosoma. Kaa na mtu huyo na wale waliokuwa naye siku ile, andika: alikuwa wapi, nini kilimwangukia, nini kilibadilika kisha. Uliza mama yake na dada yake, maana wao ndio wanaona tofauti.

Na maisha ya kila siku hayangoji feza. Mpe kazi moja kwa wakati mmoja. Kila kitu kiwe na mahali pake, kila saa na kazi yake. Kadaftari mfukoni, aandike au umwandikie. Alale vya kutosha, aache pombe. Kama anaanguka kifafa, mpeleke kwa munganga: dawa ziko na zinasaidia wengi. Hata kisha miaka 20, mtu anaweza kujifunza namna mpya ya kupika, kuuza, kufika soko na kurudi.

Vita ilikuwa ya siku sita. Kwa wengine bado haijaisha, na wako kwenye avenyu yetu. Anza na mmoja.