Jina Ndani ya Ubeti

Mwandishi anapokuta maneno yake yametolewa kwa jina la mwingine, huambiwa kwamba hayo ni maradhi ya zama za simu. Maradhi hayo ni ya kale. Watunzi wa Pate, Lamu na Mombasa waliishi katika ulimwengu ambamo kila utenzi ulisambaa kwa kunakiliwa: aliyeupenda aliuazima akauandika upya kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, au akamlipa mjuzi wa hati amfanyie kazi hiyo. Kunakili hakukuwa wizi. Ndiko kulikoziokoa tungo, kwa kuwa karatasi haidumu katika nchi ya unyevu, chumvi na mchwa. Hata hivyo watunzi hao hawakuacha kazi zao ziwe mali isiyo na mwenyewe. Desturi yao ilitenganisha mambo mawili tunayoyachanganya leo: kuinakili kazi, na kumfuta aliyeifanya.

Ushahidi umo ndani ya tungo zenyewe. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wa wosia mwaka 1858. Alipofika tamati alijitaja, akamtaja baba yake Mshamu, akaitaja Pate alikozaliwa, akaweka na tarehe: mwaka 1275 wa Hijria. Tazama alivyolipachika jina. Hakuliandika pembezoni mwa ukurasa, mahali ambapo mnakili angeweza kuliruka. Yeye na baba yake wamejaza kipande kizima cha mizani nane, na mwisho wa kipande umeshikana na vina vya ubeti. Anayetaka kutia jina jingine hapo hana budi kutafuta lenye mizani ileile na kina kilekile, la sivyo ubeti utamsuta mbele ya msikilizaji yeyote mwenye sikio la utenzi.

Desturi hiyo ilikuwa na adabu hata kwa aliyetaka kujenga juu ya kazi ya mwenzake. Katika takhmisi, mshairi huchukua mishororo miwili ya mtangulizi wake na kuitangulizia mitatu yake mwenyewe. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alifanya hivyo kwa utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo. Maneno ya zamani hubaki mahali pake, na jina la takhmisi lenyewe humjulisha msomaji kwamba hapa wamekutana watu wawili. Naye Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia wataalamu wa Ulaya miswada mingi, alitia saini yake kama mnakili. Kalamu ilikuwa yake, utungo ulikuwa wa mtunzi.

Kuna atakayesema kwamba kinga hii ilikuwa dhaifu, kwani ubeti wa mwisho unaweza kuachwa wote. Ni kweli, na mashairi mafupi hayakuwa hata na nafasi ya jina. Lakini tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, zilibaki vinywani mwa watu wa Mombasa zikiwa bado ni za Muyaka, hata Mwalimu Sikujua akazikusanya kutoka kwao. Zililindwa na jamii iliyoona aibu kusema la mtu bila kumtaja. Mwingine atasema elimu ni ya Mungu, haifungiwi sanduku. Nao watunzi hawakuifungia. Walichotaka ni kutajwa, ili msomaji awaombee dua. Anayefuta jina humnyima marehemu dua hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la riziki: mtunzi wa leo huishi kwa kalamu, na dua hailipi kodi ya nyumba. Nakubali. Kwa sababu hiyo Tanzania ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1999 na Kenya mwaka 2001, na aliyeibiwa ana haki ya kuitumia. Lakini sheria nayo haiishii kwenye fedha. Mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ule wa Berne wa mwaka 1886, ulirekebishwa Rome mwaka 1928 ili kutambua haki ya mtunzi kutajwa, haki inayobaki kwake hata akishauza haki za mapato. Jambo hilo Mwana Kupona alikuwa amelitia katika ubeti miaka 70 kabla. Basi wewe unayeandika, lifume jina lako ndani ya kazi, uweke na tarehe. Nawe unayenakili, nakili mpaka ubeti wa mwisho.