Chini ya Miembe ya Msafara: Halima na Nyumba Aliyoahidiwa



Siku hizi mabibi harusi wengi hutamani fungate ya kutembea kwa miguu. Wameona picha za vilima vya nchi za Bahari ya Kati, njia nyembamba zinazopita katikati ya mizeituni na vijiji vya mawe. Uturuki kwa mfano wana Likya Yolu, njia ndefu iliyowekewa alama tangu 1999. Ni pazuri, na zaituni ni mti ambao Mola wetu ameuapia katika Suratut Tin. Mwenye uwezo na aende, Mungu amfikishe salama.

Lakini sisi pia tuna njia yetu ya kale. Inapita kwenye vilima na vijiji vya zamani, na badala ya mizeituni ina miembe. Ni njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, takriban kilomita 1,200. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, na vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Leo nataka tuizungumzie njia hii kupitia mwanamke mmoja aliyeitembea, kwa sababu yaliyompata yanatuhusu hadi leo, hasa wale mnaojiandaa kuolewa.

Mimi nashona na kuuza vitambaa Nyashimo, Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Ni mbali na Bagamoyo, lakini njia ile ilikuwa na tawi lililofika huku kwetu ziwani. Mwaka 1858 Mwingereza John Speke alitoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akapanda kaskazini hadi Mwanza akiwa na Sidi Mubarak Bombay, na tarehe 3 Agosti akalitazama ziwa ambalo baadaye lilipewa jina la Malkia Victoria. Ghuba iliyo jirani na sisi inaitwa Ghuba ya Speke mpaka leo. Ila Speke hakukata pori. Alifuata njia ambayo Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wameshaikanyaga muda mrefu wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na bidhaa.

Na bidhaa kubwa ilikuwa kitambaa. Hapo ndipo mimi kama fundi huwa napenda historia hii. Kwenye njia ile nguo ndiyo ilikuwa fedha. Kulikuwa na merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliyoletwa na meli za Marekani kutoka Salem, Massachusetts. Jina lake linasema lilikotoka. Kulikuwa na kaniki ya rangi ya nili kutoka India. Vipimo vilikuwa mkono, shuka na doti: mikono minne ni shuka, na shuka mbili ni doti. Ukinunua doti ya kanga leo dukani, unatamka neno la msafara. Kwa nguo na shanga watu walinunua chakula njiani, na kwa nguo walilipa hongo kwa watemi ili wapite. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na kutoka pwani hadi Tabora ilikuwa ni mwendo wa takriban miezi mitatu.

Tukisikia habari hizi kichwani tunaona wanaume tu: wapagazi, wafanyabiashara kama Tippu Tip, wazungu na daftari zao. Lakini wanawake walikuwepo. Wake wa wapagazi waliandamana na waume zao, wamebeba vyungu, vibuyu, malazi na watoto mgongoni. Jioni mwanamume akitua mzigo anapumzika. Mwanamke akitua mzigo anaanza kutafuta kuni. Na kulikuwa na wale waliotembea bila hiari yao, wamefungwa, wanapelekwa kuuzwa. Wenyeji husimulia kwamba miembe mingi ya njia ile iliota kutokana na kokwa za maembe yaliyoliwa na misafara. Kivuli tunachopumzikia leo kimetoka kwao.

Wengi wa wanawake hao hatuna majina yao. Halima tunalo. Alikuwa mpishi wa David Livingstone, daktari na mmishonari wa Kiskochi, na alikuwa bado anahesabika mtumwa. Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alimkuta Halima jikoni, na akaandika jinsi mama huyu alivyokuwa na furaha na wasiwasi kwa ugeni ule. Nani asiyejua hali ile? Mgeni mkubwa kaingia ghafla, na jiko liko juu yako.

Mwaka uliofuata, 1872, walikuwa Kwihara karibu na Tabora. Halima aligombana na mwanamke mwenzake wa kambini, Ntaoeka, akaondoka kwa hasira. Baadaye akarudi mwenyewe, akasimama nje akitaka aje aambiwe aingie. Livingstone akatoka, akamwita ndani, akampa nguo nzito ya kujikinga na baridi ili ajue hana kinyongo. Kisha akaandika katika daftari lake sifa za Halima: ni mwelekevu, haibi wala hamruhusu mumewe aibe, na hajawahi kumpa sababu ya kumkaripia. Akaandika pia kwamba wakifika Zanzibar atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani.

Nyumba na bustani Unguja! Fikiria mwanamke aliyezunguka mapori kwa miaka akipika kwenye mafiga matatu, ambaye hata nafsi yake si mali yake, anawekewa ahadi kama hiyo.

Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone akafariki katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, wakauzika moyo wake chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha kwa jua, wakaufunga kwa kitambaa na magome ya mti, wakaanza kuubeba kurudi pwani. Mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, kwa miezi tisa hivi, hadi Bagamoyo mwezi Februari 1874. Na Halima alitembea nao. Wakiwa bado njiani, Juni 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kwa hiyo Halima alikuwa anaelekea kwenye kisiwa ambacho watu hawanadiwi tena sokoni.

Mwili ukapelekwa Uingereza na kuzikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma nao baadaye wakapelekwa Uingereza. Daftari za marehemu zikachapwa kuwa kitabu mwaka huohuo. Penye habari ya nyumba na bustani, mhariri wa kitabu aliweka maelezo mafupi: kwamba Halima aliufuata mwili wa bwana wake mpaka Zanzibar, na kwamba inasikitisha kuona utumishi wake wa muda mrefu haukulipwa chochote.

Tazama hapo, dada yangu. Ahadi iliandikwa kwa mkono wa aliyeahidi. Waliosimamia mali na vitabu vya marehemu waliisoma, na mhariri akaihurumia kwenye chapa. Lakini hakuna aliyetoa nyumba. Iliandikwa katika daftari la mtu mmoja, bila shahidi na bila mwenye jukumu la kuitekeleza baada yake.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu jambo hili: deni liandikwe na lishuhudiwe. Na katika sheria yetu mtu akifariki, madeni yake hulipwa kwanza kabla warithi hawajagawana. Mahari iliyobaki ni katika madeni hayo. Kwa hiyo bibi harusi, ukiambiwa "mahari nyingine nitamalizia mbele ya safari", au "nitakujengea nyumba", usione haya kusema iandikwe na mashahidi wasikie. Huko si kumtilia mumeo shaka. Mume mwema anaweza kufa kabla ya siku aliyoikusudia, kama alivyokufa Livingstone, na waliobaki wasijue au wasijali.

Na tusidhani kwamba sheria peke yake ilimaliza kazi. Soko lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe Unguja na Pemba ulifutwa 1897, tena sheria ile iliwaacha nje masuria. Wao walisubiri hadi 1909. Katika foleni ya haki mwanamke aliwekwa mwisho, na ni kwa sababu hiyo inafaa tuzijue haki zetu na kuzidai kwa adabu.

Ukitaka kuiona njia hii, huna haja ya kutembea kilomita zote 1,200. Wewe wa Unguja, vuka uende Bagamoyo, uone magofu ya Kaole na mnara wa kanisa la zamani la misheni ulipolazwa mwili ule usiku mmoja kabla ya kuvuka bahari. Mamboya iko kwenye vilima vya Ukaguru. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuna tembe la udongo alilokaa Livingstone, ndipo ilipoandikwa ahadi ya Halima. Ujiji kuna miembe. Nenda na mahram wako au kundi la wanawake, mchukue mwenyeji wa kuwaongoza, na vaa pamba nyepesi yenye pindo fupi ya kutokukwama kwenye miiba, na suruali ndani.

Miongozo itawatajia Livingstone, Stanley na Tippu Tip. Nyinyi ulizeni waliopika walikuwa nani. Na mkikaa kivulini kunywa maji, mtajeni Halima.

Mwenyezi Mungu atujaalie kutimiza ahadi zetu tukiwa hai, na atupe wa kutusimamia tukiondoka. Amin.