Haji Ibrahim Ma: Mchina Aliyehama na Dini Yake

Wengi wetu tukisikia "Mchina" hatudhani kama yuaweza kuwa Muislamu mwenzetu. Basi mjueni Haji Ibrahim Ma Tianying.

Alizaliwa mwaka 1900 jimbo la Shandong. Wajapani walipoivamia China, aliongoza ujumbe wa Waislamu wa China mwaka 1939 kwenda Malaya kutafuta msaada. Mwaka 1948 akawa balozi mdogo wa China mjini Ipoh, huko huko Malaya. Mwaka uliofuata, serikali iliyomtuma ikashindwa vita na Wakomunisti. Cheo kikamtoka, na kwao hakurudiki. Mzee akabaki ugenini na familia yake.

Huko Mchina akisilimu aliambiwa "amekuwa Mmalay", na jamaa zake wakimtenga. Mzee Ma mwenyewe alikuwa jawabu: Mchina hasa, na Muislamu hasa. Mwaka 1960 alishirikiana na Tunku Abdul Rahman, waziri mkuu, kuanzisha PERKIM, jumuiya ya kulingania dini na kuwalea wanaosilimu. Alifariki 1982, lakini kazi haikufa. Mwanawe, Mustapha Ma, alikuja kuongoza MACMA, chama cha Waislamu Wachina wa Malaysia.

Je, sisi? Akisilimu Mkikuyu au Mjaluo, Ijumaa twampigia takbir msikiti mzima. Jumamosi hatujui amelala wapi, wala kama amepata futari. Vijana, Ramadhani hii kila nyumba imwalike mmoja.